Mwaka Niliojifanya Sielewi

Tulimzika Mzee Odhiambo mwaka jana, kwao upande wa ziwa, kwenye jua kali ambalo sisi watu wa Kericho hatulijui. Nilikuwa nimekaa chini ya hema na sahani ya wali mapajani wakati binti yake mkubwa, Achieng, alinionyesha kwa watu wa meza yetu akasema, "Huyu ndiye Chebet. Ndiye alipelekwa India na wale Wahindi baba alikuwa anawapikia, akaona chui milia." Basi, wacha maswali yaje. Ni mkubwa kiasi gani? Ananguruma kama simba? Uliogopa? Nikawapa hadithi ile fupi ambayo nimewapa watu miaka yote hii: gari lilisimama, mnyama akapita, akatutazama kama watu wasio na maana, akaenda zake. Wakacheka, wakasema nina bahati. Hadithi ndefu aliijua Mzee Odhiambo peke yake, na tulikuwa tumetoka kumfukia. Mimi nimebakisha miezi michache nistaafu uuguzi mapema, sina tena mtu wa kunirekebisha nikikosea, kwa hivyo wacha niandike kabla sijaanza kuiamini ile fupi.

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa na miaka ishirini, na nilikaa katika nyumba ya Wahindi mjini Kericho, nyumba ya mawe yenye nondo kwenye kila dirisha na geti lenye kufuli mbili. Chumba changu kilikuwa kati ya stoo ya unga na chumba cha Ba. Ba ni mama kwa Kigujarati. Ndivyo walivyomwita bibi kizee wa nyumba ile, na ndivyo nilivyomwita mimi pia. Kazi yangu ilikuwa Ba, basi. Magoti yake yalikuwa yamekataa kazi, kwa hivyo nilimwamsha, nikamwogesha, nikampaka mafuta ya nazi nywele zake nyeupe, nikamsukuma kwenye kiti hadi verandani, na mvua ya saa tisa ikija nikamrudisha ndani. Mwanawe Kishor, ambaye sote tulimwita Bosi, alikuwa na duka la vipuri. Mkewe alikuwa Mama Nila, na watoto wao wawili walikuwa Kanada wakisoma. Nilipewa Jumapili mchana, kuanzia baada ya chakula hadi saa kumi na mbili, na sikuwa na mahali pa kwenda kwa muda huo mfupi isipokuwa kanisani na kurudi. Upepo ukigeuka, harufu ya majani ya chai yanayokaushwa kiwandani ilipita kwenye zile nondo na kuingia mpaka kitandani kwangu. Watu huilipia harufu hiyo siku hizi wakija kutalii. Mimi ilikuwa inanikumbusha tu kwamba kuna watu wako nje.

Mzee Odhiambo alikuwa mpishi wa nyumba ile kabla mimi sijajua kutembea. Alikuwa Mjaluo aliyepika chapati nyembamba za Kihindi kuliko Wahindi wenyewe, na alikuwa anaelewa Kigujarati chote, kila neno, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyejua hivyo. Mimi aliniambia mwezi wangu wa tatu, aliponiona nimetabasamu karibu na sinki. Ba alikuwa ametoka kusema kitu kuhusu mwendo wa Mama Nila. "Nyathina," akaninong'oneza, yaani mwanangu kwa Kijaluo, akichuja dengu, "umeanza kuelewa, eh? Meza hiyo meno. Kulikuwa na msichana hapa kabla yako, wa kutoka Sosiot. Alicheka mzaha wao mezani mara moja tu. Jioni hiyo hiyo alifungashiwa virago." Nikauliza kosa liko wapi. Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Hawa wanaongea mbele yetu vile mtu anaongea mbele ya kabati. Siku watajua kabati lina masikio, utaliona liko nje kwa mvua." Basi nikawa kabati. Kwa zaidi ya mwaka nilijifanya sielewi, na nikwambie ukweli, hiyo kazi ilinichosha kuliko kumwinua Ba.

Kwa sababu Ba alikuwa watu wawili. Kwa Kiswahili alijua amri tu: leta maji, toa hii, funga dirisha, wewe kuja hapa. Mtu angemsikia angesema ni mwanamke mkali asiye na shukrani. Kwa Kigujarati alikuwa mcheshi wa kukuvunja mbavu. Aliwaiga wageni wakishatoka mlangoni. Alisimulia kituo kidogo cha reli huko Rajasthan alikozaliwa, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli, msitu ukianzia pale mwisho wa jukwaa, na chui milia wakinguruma jioni hadi mtu wa taa anakataa kwenda kuwasha taa. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwona hata mmoja. Aliletwa Kenya kuolewa akiwa na miaka kumi na saba. Yote hayo alimwambia Mama Nila, ambaye alikuwa ameyasikia mara mia na alikuwa akisoma gazeti. Mimi ndiye nilikuwa nasikiliza, nikiwa nimepiga magoti nakanda miguu ya Ba, uso mkavu kama ukuta. Nilimpenda mwanamke ambaye hakujua tumewahi kuzungumza.

Januari ile mambo mawili yalinifikia. La kwanza ni barua ya kuitwa chuo cha uuguzi, niripoti Septemba. Niliisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la unga stoo, nikaisoma tena, nikaificha ndani ya foronya. Nilipomwambia Mama Nila kwamba nitaacha kazi Agosti, alisema, "Tutaona," akaendelea kuhesabu nguo za dobi. La pili nililisikia nikitoa vyombo mezani. Bosi alikuwa amepata mtu wa kununua duka, na nyumba pia. Walikuwa wanahamia Kanada kwa watoto. "Na Ba?" Mama Nila akauliza. "Ba tutampeleka kwa kaka yake India. Baridi ya Kanada itamuua. Tumwambie anaenda kutembea." Nilibeba bakuli la mchuzi hadi jikoni bila kumwaga hata tone, nikaliweka kando ya sinki. Mzee Odhiambo alikuwa amesikia pia. Alisema tu, "Hiyo si yetu," na akafungua bomba maji yatiririke kwa nguvu.

Aprili tukapanda ndege: Bosi, Mama Nila, Ba na mimi, kwa sababu nani mwingine angempeleka Ba chooni? Sikuwa nimewahi kufika hata Mombasa. Pasipoti yangu niliiona siku ilipotoka, ikiwa mikononi mwa Mama Nila, ikaingia kwenye mkoba wake mweusi pamoja na zao, na zipu ikafungwa. Sikushuku kitu. Nilifikiri wiki tatu, nimfikishe mama wa watu kwao, nirudi, nifungashe sanduku langu la bati niende chuoni.

Nyumba ya kaka yake Ba, Mzee Jayant, ilikuwa pembeni mwa mji mdogo, karibu na lango la hifadhi. Ilikuwa na ua katikati, vyumba vikiuzunguka pande zote, na mlango mmoja mkubwa wa mbao unaotoka barabarani. Joto lilikuwa la kukaushia mahindi. Tulilala mchana, wanawake upande huu, wanaume upande ule, na saa kumi kila mtu aliamka akiwa na uso uliovimba akataka chai. Mimi ndiye nilikuwa naipika. Majani yao yalikuwa vumbi jeusi ambalo kule kwetu lingefagiliwa kiwandani, lakini chai yenyewe ilitoka tamu kuliko yetu, na iliniuma kukubali. Siku ya nne, nikiwa naangalia sufuria isifurike, nilimsikia Mzee Jayant upande wa pili wa ukuta akilalamika kwamba mkewe ni mgonjwa, kwamba hawawezi kumwinua Ba. Mama Nila akamjibu kwa utulivu kabisa. "Msichana anabaki. Tumeshapanga. Tiketi yake ya kurudi hatukuithibitisha."

"Yeye amekubali?"

"Atakubali. Ataenda wapi?"

Chai ilifurika. Nilipanguza jiko, nikaongeza maziwa, nikawapelekea vikombe kwenye trei, nikainama nikampa kila mtu chake, Mama Nila wa kwanza. "Asante, Chebet," akasema kwa Kiswahili, vizuri tu, kama mtu asiye na ubaya wowote. Na labda hakuwa nao. Miaka mingi nimemtafutia ubaya nikaukosa. Alikuwa mtu mwenye shida na mama mkwe, na mimi nilikuwa jibu lililosimama karibu.

Nikajiambia, usikurupuke. Nilikuwa na silaha moja tu, kwamba naelewa, na ilikuwa ya kutumika mara moja. Nikiisema ovyo, watafunga midomo, watapanga mengine wakiwa mbali nami, na pasipoti itabaki pale pale mkobani. Nilihitaji kuchagua siku. Nilitembea na hesabu hiyo kichwani nikimpaka Ba mafuta, nikimvalisha, nikimlisha, na Ba naye, kwa Kigujarati, alikuwa anamwambia kaka yake kwa furaha kwamba atakaa mpaka Diwali tu, sikukuu yao ya taa ya Novemba, halafu arudi Kericho, maana maua yake ya verandani hakuna anayejua kuyatunza. Nikasema moyoni, woi, hata huyu hajui. Tuko wawili ndani ya mtego mmoja, na mwenzangu anaimba.

Walimpeleka Ba hifadhini kwa sababu alikuwa amesumbua hadi wakachoka. Ndani ya hifadhi ile kuna ngome ya kale juu ya jabali, kubwa kama mji, mizizi ya miti imekumbatia kuta, na juu kabisa kuna hekalu ambalo watu hulipelekea kadi za harusi. Ndiyo, kadi za mwaliko. Mtu akimwoza mtoto wake popote India, anamwalika mungu wa pale kwanza, kwa posta, na tarishi anapanda na magunia. Ba hangeweza kupanda ngazi zile, kwa hivyo alinituma mimi na nazi mkononi. Mimi, msichana wa kanisa ambalo hata ngoma lilikataza, nikapanda na nazi ya mwenyewe, nikiomba Mungu wangu ajue nimetumwa. Kule juu niliona msitu wote, maziwa mawili yaliyopungua maji, na barabara nyembamba nyeupe ikitoka nje ya lango. Nilisimama nikiitazama barabara ile kwa muda mrefu. Ningeweza kushuka na kuifuata, hakuna aliyenishika. Ningetembea hadi wapi bila karatasi? Nilimpa mhudumu wa hekalu nazi, nikashuka kumsaidia Ba apande gari.

Gari lilikuwa la wazi, bila paa. Mbele dereva na mwelekezi, kijana mwenye kofia ya kijani. Nyuma yao Bosi na Mama Nila, na kiti cha mwisho Ba na mimi, mkono wangu mgongoni kwake asirushwe. Tulizunguka kwa saa mbili tukiona swala wa madoadoa na tausi. Kisha swala mmoja akalia mbele yetu, mlio mkali mfupi, na mwelekezi akainua mkono gari lisimame. Akaonyesha nyayo kwenye vumbi, mbele. Wote wakainama wakitazama mbele. Lakini mimi nilichuma chai Kimulot tangu nikiwa mdogo, mistari ya mwisho kabisa, inayogusa msitu wa Mau. Huko mchumaji hatafuti chui kwa macho yake, anatazama tumbili. Tumbili wakianza kukohoa, unaangalia nyuso zao zimeelekea wapi, unateremsha kikapu polepole na kuondoka upande mwingine. Juu yetu kulikuwa na tumbili wa huko, wa kijivu wenye nyuso nyeusi, na walikuwa wakikohoa vile vile. Na hakuna hata mmoja aliyetazama mbele. Wote walikuwa wanatazama nyuma yetu.

Nikageuka. Alikuwa ametoka kwenye majani makavu, hatua labda ishirini kutoka kwa mgongo wa Ba. "Ba, geuka!" nikapiga kelele. "Nyuma yako! Usiinuke, geuza kichwa tu, yuko hapo, anakuja, mtazame!" Maneno yote hayo yalinitoka kwa Kigujarati. Sikuyachagua. Ilikuwa lugha ya Ba, na nilikuwa nataka Ba amwone.

Ba aligeuza kichwa akamwona. Chui milia alivuka barabara bila haraka, mabega yakipanda na kushuka, akasimama, akatutazama. Ba alishika mkono wangu hadi kucha zikaingia. Lakini Bosi na Mama Nila hawakumwona hata mkia. Walikuwa wamegeuka, ndiyo, midomo wazi, ila walikuwa wakinitazama mimi. Mnyama wa kusafiria bahari nzima alipita nyuma ya kiti na wao wanaangalia yaya. Mwelekezi alipoanza kushangilia, mnyama alikuwa ameshaingia kichakani.

"Tangu lini?" Mama Nila akauliza, kwa Kigujarati. Sasa hakukuwa na maana ya kuficha. "Tangu mwaka jana, Mama." Nilimwona akianza kurudi nyuma kichwani, mezani, chumbani, kwenye simu, akiokota kila alichokisema mbele yangu. Akawa mwekundu hadi shingoni. Bosi alimwambia dereva aturudishe langoni. Mimi nilikuwa nalia kimya kimya, si kwa woga wa chui, bali kwa hasira na mdomo wangu. Silaha yangu moja nilikuwa nimeitupa bure, barabarani, kwa ajili ya mnyama.

Na unafikiri walinifukuza? Ningeshukuru. Jioni ile ile nilimsikia Mama Nila akimwambia Mzee Jayant, sasa bila kupunguza sauti, "Si ndiyo afadhali! Hata lugha anajua. Atakaa na Ba kama binti." Mlango ulikuwa umefungwa mara ya pili, na mimi ndiye niliyeleta kufuli.

Siku tano zilizofuata Ba hakunyamaza. Alikuwa kama mtu aliyefunguliwa maji baada ya kiangazi. "Kwa hivyo siku ile nilisema Nila anatembea kama bata aliyemeza kijiko, ulisikia?" Nikasema nilisikia, na nilienda kucheka chooni. Alicheka hadi akashika mbavu. Aliniuliza kuhusu Kimulot, kuhusu mama yangu, mambo ambayo hakuwa na Kiswahili cha kuyauliza. Aliniita dikri, binti. Haki, zilikuwa siku tamu, na kila moja ilizidi kunifunga, kwa sababu kila jioni alimalizia hivi: "Mpaka Diwali tu, dikri. Halafu tutarudi pamoja." Ningewezaje kukataa? Kwetu huwezi kumwambia mzee hapana usoni. Unazungukazunguka mpaka aelewe mwenyewe. Nilizunguka siku tano. Hakuelewa.

Siku ya sita, jua likiwa limeshuka nyuma ya ukuta wa ua, nilikuwa nikimchana nywele. Nikasema, "Ba, hakuna kurudi. Nyumba ya Kericho imeuzwa. Wanaenda Kanada. Nilisikia Januari." Nikaendelea kuchana kwa sababu sikuweza kuona uso wake nikiwa nyuma. "Na mimi nimeitwa chuo, Septemba. Nisipoenda nafasi itapewa mwingine. Sitaki kukaa hapa, Ba. Nakupenda, lakini sitaki."

Ba aliinua mkono akagusa nywele nilizokwisha kuchana. Halafu akasema, "Unafikiri nyumba ile ilikuwa ya nani? Mume wangu aliiandika kwa jina langu. Nani alitia sahihi ya kuuza, hata kama walisema ni karatasi za benki?"

Kitana kilisimama. "Ulijua?"

"Kabla yako. Hao nimewaacha waamini wamenidanganya."

"Basi hii Diwali umekuwa ukiniambia ni ya nini?"

"Ningekuambia ni mpaka nife, ungekaa?"

"Hapana, Ba."

"Ndiyo hiyo," akasema.

Hapo nilimkasirikia, na hasira hiyo sijaimaliza hata leo. Wale wengine walinipanga kama mzigo. Yeye alinibembeleza kwa jina la binti. Lakini papo hapo aliita kwa sauti ile ya amri ambayo nyumba nzima iliifahamu, "Nila! Lete mkoba wako!" Mama Nila akaja. Ba akafungua zipu mwenyewe, vidole vyake vilivyopinda vikahangaika, akatoa pasipoti moja moja akizisogeza karibu na macho, mpaka akaipata yangu. "Huyu anarudi na nyinyi," akasema. "Thibitisheni tiketi kesho. Jayant atanitafutia mtu." Mama Nila alimtazama Ba, akaokota pasipoti zilizobaki. Aliondoka na mkoba uliobaki wazi.

Ba aliishi kule mwaka mmoja na kidogo. Mimi niliripoti chuoni Septemba, na habari za kifo chake zilinifikia kupitia kwa Mzee Odhiambo, zikiwa zimechelewa miezi. Nimewainua wazee wengi tangu wakati huo na sijui hata mmoja aliyenipa kile nilichotaka na kujinyima chake kwa mkono ule ule. Lakini siendi mbele. Nataka kubaki jioni ile kidogo. Alinipa ile pasipoti nami nikaishika kwa mikono miwili, na furaha ikanipanda, furaha tupu, ya mtoto aliyefunguliwa darasa, isiyo na huruma hata chembe. Nilijaribu kuimeza. Nilitazama chini, nikakaza midomo, nikavuta ule uso wangu mkavu wa jikoni.

"Acha," Ba akasema. "Furahi tu. Umenificha uso wako mwaka mzima."

Nikafurahi. Nilikaa sakafuni miguuni pake nikicheka na machozi yakinitoka, sikuweza kujizuia, na yeye alikaa pale, nywele zimeachwa nusu, ameshika magoti yake, akinitazama jinsi ninavyoondoka.